Simfoni kwa Pumzi Zilizopo

Balaa lenyewe lilimtoka mdomoni, na mdomo ulikuwa wake, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Mkutubi alikuwa amemwuliza swali jepesi tu, wamesimama kwenye ngazi za maktaba iliyokuwa ikinuka rangi mbichi: siku ya kuifungua upya, kile kikundi chenu cha kupuliza kitatupigia nini? Mwalimu wa muziki alikusudia kusema nyimbo mbili tatu za kuchangamsha watu. Alikuwa nazo mkobani, zimekunjika pembe, kila mtu kikundini anazijua. Lakini mkutubi alikuwa akimtazama kwa heshima juu ya miwani yake ya kusomea, na heshima ni kitu ambacho mwalimu hakukionja sana tangu apewe kidato cha pili. Akajisikia akisema, "Simfoni."

Mkutubi akauliza kama simfoni inaweza kupigwa na watu sita. Mwalimu akamjibu, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba ukipata mpangaji mzuri hakuna kisichowezekana. Mkutubi, ambaye siku hizo alikuwa akigombana na watu waliopanga vyumba vyake vya uani, akataka kujua mpangaji anaingiaje hapo. Ikabidi aelezwe kuwa mpangaji wa muziki ni yule anayeichukua kazi iliyotungwa kwa okestra nzima, akaigawa upya ili hata kikundi kidogo kiweze kuipiga. "Na huyo mpangaji ni nani?" akauliza mkutubi. Mwalimu akatazama chini kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi.

Ukweli ni kwamba ujanani aliwahi kupiga klarineti katika okestra ya kweli. Alikuwa klarineti ya tatu, kwa msimu mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu mapigo ya kimya akingoja zamu ambayo mara nyingine haikufika. Lakini ukimsikiliza akisimulia, ungedhani okestra ile ilisambaratika kwa sababu yeye aliondoka.

Kikundi chake kilikutana Jumamosi asubuhi darasani kwake, watu wazima wamekalia viti vya wanafunzi, magoti yanakaribia kugusa videvu. Kulikuwa na daktari wa meno aliyepiga filimbi, na aliipiga vizuri kiasi cha kuwakera wenzake. Kulikuwa na dada wawili wa tumbo moja, wauzaji wa duka la dawa, wenye klarineti; walisoma nota bila shida ila kila mmoja aliogopa kuanza kabla ya mwenzake. Kulikuwa na fundi majokofu aliyepuliza saksafoni, na kwa kuwa saksafoni yake ilikuwa na sauti moja tu, ile ya nguvu kabisa, walimwita Honi, na yeye aliitika bila kinyongo. Mwalimu mwenyewe alikamata klarineti ya besi, dude refu lililopinda shingo kama bomba la sinki.

Halafu kulikuwa na mama mkwe wake. Huyu alikuwa ameikuta klarineti ya shule ya bintiye chini ya kitanda, akasema haiwezekani kitu kizima kilale mvunguni kama mgonjwa ilhali watu wana mapafu. Alikuwa amejifunza kwa mwaka mmoja, na mwalimu wake alikuwa huyu huyu mkwewe. Ndiyo maana alijifunza kidogo. Nani atamtazama mzaa chema usoni amwambie amekosea? Kila alipokosea, mwalimu alitikisa kichwa kwa upole na kusema, "Inakaribia, mama."

Basi mpangaji akaanza kazi. Aliteka meza ya kulia, akatandaza kitabu cha nota za okestra nzima, kipana kama mkeka wa mtoto, na familia ikalazimika kula sahani zikiwa mapajani. Alikuwa na penseli sikioni na nyingine mkononi. Alichukua mistari ya fidla akaigawa kwa filimbi na klarineti, akachukua tarumbeta na ngoma kubwa akazifuta, kisha akazirudisha, kisha akazifuta tena huku akiguna kama mtu anayebeba mzigo. Hakubadilisha sana. Mtunzi alikuwa mkubwa, na wakubwa, aliwaza, huelewana.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akasimama nyuma ya kiti chake, viatu mkononi.

"Hapa wanapumua wapi?" akauliza, akigusa ukurasa.

"Huo ni mstari wa fidla. Fidla hazipumui."

"Lakini umewapa kina dada wa duka la dawa."

Mwalimu akamweleza kuwa sanaa hudai kujinyima. Mkewe akasema kazini kwao mtu akijinyima pumzi huitiwa daktari, akaenda zake kuoga.

Jumamosi waliigusa simfoni kwa mara ya kwanza, na simfoni ikawagusa wao. Kufikia katikati ya ukurasa wa pili dada mdogo aliweka klarineti mapajani, akainamisha kichwa katikati ya magoti. Dada mkubwa, kwa kuwa hakuzoea kupiga peke yake, naye akanyamaza. Daktari wa meno aliendelea mpaka mwisho wa mstari kuonyesha kwamba inawezekana, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Mama mkwe alikuwa na mtihani wake. Kwenye klarineti kuna mahali ambapo kidole gumba hufungua kitundu cha nyuma na sauti huruka kutoka chini kwenda juu. Wapigaji hupaita darajani, na wanaoanza hupaogopa. Mwalimu alikuwa amemwandikia wimbo unaovuka daraja hilo kwenda na kurudi kama mbuzi aliyepoteza wenzake. Kila alipovuka, klarineti ililia kama geti lisilotiwa mafuta. "Inakaribia, mama," mwalimu akasema, mara ya kwanza, na ya pili, na nyingine nyingi.

Hasira ambayo hakuweza kumpa mama mkwe ilibidi impate mtu, ikampata Honi. Na kweli, kila alichopuliza Honi kiligongana na wenzake. Mwalimu akamwambia aloweshe utete, kile kijiti chembamba cha mdomoni. Akaulowesha. Akamwambia asikilize wenzake. Akasikiliza. Mwishowe akamtaka apige peke yake mbele ya wote, na fundi yule, jasho linamtiririka, akapiga, akasimama, akasema kwamba yeye anasoma kilichoandikwa.

"Basi soma na kwa masikio," mwalimu akamwambia.

Ni daktari wa meno aliyenyoosha mkono akaichukua ile karatasi. Aliitazama kama anavyotazama jino, akaichezesha mdomoni kwa mluzi mdogo, akasema, "Hii umeiandika kama ya klarineti."

Kosa lilikuwa la kitoto. Ala hizi kila moja ina lugha yake: do ya klarineti si do ya saksafoni, na mpangaji ni lazima aisogeze karatasi ya kila mmoja juu au chini ili zikipigwa pamoja ziongee kitu kimoja. Ndilo somo la kwanza mwalimu analowafundisha wanafunzi wake, na anayelikosea humsimamisha nyuma ya darasa. Mwalimu akatazama nyuma ya darasa. Palikuwa na nafasi ya kutosha.

Akaanza kusema itakuwa karatasi zimechanganyika, lakini daktari akamkumbusha kuwa karatasi haijiandiki. Basi akamwomba Honi radhi, kwa sauti ndogo mno, na Honi, ambaye masikio yake yamezoea mashine, hakuisikia, ikabidi airudie kwa nguvu mpaka ikasikika kwenye korido. Honi akasema haina neno, akauliza kama sasa anaweza kukaa.

Mwalimu alirudi mezani akiwa ameshushwa, lakini mtu wa majivuno akinyenyekea naye ni wa kuogopwa. Aliamua kurahisisha. Alipunguza, akakata, akanyoa. Alipofika kwenye karatasi ya mama mkwe, huruma ikamzidi: akamwandikia nota moja. Airefushe, apumzike, airefushe tena, hivyo hivyo hadi chini ya ukurasa. Nota yenyewe ilikuwa rahisi, mbali kabisa na daraja. Akajiona ametenda wema, hata akapiga mluzi akienda kuipeleka chumbani kwa mama.

Jioni ile, wakiwa mezani, mama mkwe akasema, "Mwalimu, naomba chumvi."

Mkewe akaacha kutafuna. Tangu siku ya harusi mama yule alimwita mkwewe "baba," na alipomkasirikia alimwita "mwanangu." Mwalimu ni jina wanalomwita watu wa nje. Akapitisha chumvi. Akashukuriwa vizuri sana.

Walipokuwa wakiosha vyombo mkewe akauliza, bila kugeuka, kama ni kweli amempa mama nota moja. Mwalimu akasema ni nota muhimu, inabeba zingine zote.

"Basi ipige wewe," mkewe akasema.

Kesho yake alasiri alimkuta mama mkwe uani, nyuma ya shuka zilizoanikwa, amekaa kwenye kigoda na klarineti yake. Alikuwa anapiga ile nota. Mwalimu akasimama upande wa pili wa shuka, kwanza kwa aibu, kisha kwa sababu nyingine. Sauti ilikuwa ya chini, pana, imetulia kama maji ya mtungi. Haikutetemeka mwanzoni wala haikufifia mwishoni. Mama aliimaliza, akavuta pumzi, akaianza nyingine, na hiyo nayo ikaja vile vile. Mwalimu alikaa msimu mzima katika okestra ya kweli na hakuwahi kutoa sauti kama ile. Mwaka mzima amemfundisha mtu huyu, masikio yake yako darajani, anangoja kelele ya geti, wala hakuwahi kushuka chini asikilize.

"Ukimaliza kujificha," sauti ikatoka nyuma ya shuka, "njoo unisaidie kukunja."

Wakashika shuka, kila mmoja na pembe zake. Mwalimu akaanza kusema kuhusu ile karatasi.

"Nimeipiga," mama akasema. "Nimeimaliza, nimeirudia. Mwanangu, jiwe linalozuia mlango usijifunge nalo lina kazi. Lakini jiwe halihitaji mazoezi."

"Sikutaka upate tabu, mama."

"Kama siwezi, niambie siwezi. Mwaka mzima unaniambia inakaribia. Inakaribia wapi?"

Wakakaribiana, wakaunganisha pembe, wakaachana tena. Mwalimu akavuta pumzi, akamwambia. Akamwambia kwamba kidole gumba chake huchelewa, kwamba akifika darajani hung'ata mdomo wa klarineti kama anayetafuna mfupa, na kwamba wimbo wa juu hatauweza kwa miezi mingi. Alisema yote akiwa ameitazama shuka. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka shuka kwenye beseni.

"Unaona?" akasema. "Sikufa."

Mwalimu akamwomba ampigie nota zote anazozijua chini ya daraja, moja moja, bila haraka. Kisha akaenda kuleta kile kitabu kipana, wakakaa nacho uani mpaka jua likapoa. Katika sehemu ya pili ya simfoni, ile ya polepole, kuna wimbo ambao kwenye okestra huimbwa na fidla zote kwa pamoja, huko juu. Mwalimu akaushusha. Akaushusha tena. Mwisho ukaingia karibu wote ndani ya nota za mama mkwe. Zilizobaki nje zilikuwa mbili tu, na hizo akawapa kina dada wazidake kila moja inapopita, kama watu wanaopokezana ndoo.

Baada ya hapo hakukaa tena mezani peke yake. Alikwenda karakana kwa Honi, akapanda juu ya kreti katikati ya majokofu yasiyo na milango, akamwomba apige polepole na kwa sauti ndogo. Honi akajaribu kwa moyo wote, na kijana wa jirani akaja kuuliza kama kuna ajali. Basi mwalimu akampa Honi kazi ya tarumbeta na ya ngoma kubwa, mahali ambapo kelele ndiyo adabu. Kina dada akawagawia ule mstari mrefu wa fidla vipande vipande, mmoja akiingia mwenzake avute pumzi. Wakafurahi hasa walipoona kwamba hakuna pahali ambapo mmoja anaanza bila mwingine kuwa tayari. Vile vijinota vya mbio vya juu akamwachia daktari wa meno, na daktari akalalamika kuwa ni vichache.

Ilibaki karatasi yake mwenyewe. Karibu na mwisho kuna kipande cha fidla kubwa, kinapanda na kushuka kwa miruko, kizuri, kigumu. Mwalimu akakiandika kwa klarineti ya besi kama kilivyo, nota kwa nota. Hakukipunguza, kwa kuwa yeye hakuwa tatizo.

Mazoezi yakanoga. Kila Jumamosi wakifika kwenye kile kipande mwalimu alisema, "Hapa nitaingia mimi, tuendelee," nao wakaendelea. Hakukipitia nyumbani pia. Ni yeye aliyekiandika. Mtu haendi kusoma barua aliyoituma mwenyewe.

Siku ya ufunguzi viti vilijaa mpaka watu wakaegemea rafu, na walioegemea ukuta wakaondoka na rangi mgongoni. Mkewe alikaa mbele na sare zake za kazini. Mwalimu alikuwa kiongozi na mpigaji kwa wakati mmoja, akiongoza kwa kichwa: akikiinua waanze, akikishusha waachie.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Katika ile ya polepole mama mkwe aliinua klarineti yake, na wimbo ukatoka huko chini ulikoshushwa, bila haraka ya kumpendeza yeyote. Nota mbili zilizokosekana zikaja kutoka kwa kina dada, na asiyejua asingejua. Watu waliokuwa wakipepea karatasi wakaacha kupepea. Mkewe mwalimu alitazama dari kwa muda, jambo analolifanya akitaka asionekane macho.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho, na katika sehemu ya mwisho, kile kipande.

Mwalimu aliinua kifua akakivamia. Vidole vilifika kabla ya akili. Akili ilipofika, vidole vilikuwa vimeshaondoka. Kilichotoka kwenye lile dude kilifanana na maji machafu yakishuka, kisha hakikutoka kitu. Akatafuta mahali alipo kwenye karatasi, akakuta nota zote zimefanana. Na kwa kuwa wote walikuwa wakingoja kichwa chake, na kichwa chake kilikuwa kimeinamia karatasi, muziki ukabaki umening'inia.

Ulining'inia kwa mama mkwe. Alikuwa kwenye nota ndefu ambayo angeikata pale mkwewe atakaposhusha kichwa. Kichwa hakikushuka vizuri, naye hakuachia. Pumzi ikamwishia, akaiba nyingine pembeni mwa mdomo, akaendelea. Dada mkubwa akamtazama, akaingia chini yake, peke yake, bila kumngoja mtu. Mdogo akafuata. Honi, kwa upande wake, alisikia mambo yamepoa, akaamua kuwa ni wakati wa tarumbeta. Haukuwa wakati wa tarumbeta. Mstari mzima wa mbele wa wasikilizaji uliruka vitini. Lakini daktari wa meno alilitambua lile ingizo, akaruka kurasa akamfuata, kina dada wakamfuata daktari, na wote kwa pamoja wakakimbilia mwisho kama watu waliokimbia mvua wakafika barazani wakiwa wakavu.

Mwalimu alipata mstari wake wakati wao wamekwisha kumaliza. Akapiga nota ya mwisho, ya chini kabisa, peke yake, katika ukimya.

Makofi yalipokwisha mkutubi alimfuata akiwa amevua miwani. Akasema kila kitu kilikuwa kizuri, ila ile nota ya mwisho, imesimama peke yake baada ya wenzake wote kuondoka, hatakaa aisahau. Alimwuliza wazo lile alilitoa wapi.

"Ah, ile," mwalimu akaanza, na sauti yake ilikuwa imeshavaa suti. Akamwona mama mkwe hatua chache pembeni, anaisugua klarineti kwa kitambaa, polepole mno kwa kitu ambacho kilikuwa safi tayari.

"Ile nilipotea," akasema. "Nilikuwa nimepotea tangu ukurasa wa nyuma. Hawa ndio waliomaliza kazi. Mimi nilifika kufunga milango."

Mkutubi akacheka, akamshika bega, akasema wasanii wa kweli ndivyo walivyo, hawapendi kujisifu. Mwalimu akaapa kwamba ni kweli alipotea. Kadiri alivyoapa ndivyo heshima ilivyozidi, mpaka mkutubi akaenda kuwaita wengine waje wamsikie mtu mnyenyekevu. Maishani mwake hakuwahi kusema ukweli mwingi hivyo wala kuaminiwa kidogo hivyo.

Nyumbani walikula mezani, kwa kuwa meza ilikuwa imerudi kwa wenyewe. Hakuna aliyegusia jambo mpaka chai.

"Baba," mama mkwe akasema, "sisi wote ulitupima kabla ya kutuandikia. Wewe ulijipima kwa nani?"

Mwalimu alifikiri. "Kwa kijana mmoja niliyekuwa namfahamu," akasema.

"Alikuwa anapiga vizuri?"

"Nilikuwa nawaambia watu hivyo."

Mkewe akapaliwa na chai, mama mkwe akampiga mgongo, na baada ya hapo walicheka wote watatu, mwalimu akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kuacha.

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi mpya. Kile kipande cha miruko alimpa dada mdogo, ambaye alikitazama kwa hofu, akakijaribu, akakwama, akakijaribu tena akakivuka, akabaki ameshangaa kama mtu aliyekuta mlango haukuwa umefungwa. Yeye mwenyewe alijiachia nota ndefu za chini, za kwenda sambamba na mama mkwe, akasogeza kiti chake akakaa kando yake. Wakaanza pamoja.

"Unaniwahi," mama mkwe akasema.

Wakarudia.

"Bado unaniwahi."

Honi akainuka kufungua dirisha kwa sababu joto lilikuwa limezidi, daktari wa meno akatazama saa yake, na dada mdogo akauliza kama wakimaliza hapo wanaweza kurudi kwenye kipande chake. Mwalimu akasema wanaweza, ila wamngoje kidogo. Akalowesha utete wake, akatazama kifua cha mama mkwe kikijaa hewa, na mara hii akangoja mpaka yeye aanze.